Mji Tunaoupita Kila Siku: Kutoka Kivukoni Hadi Kisiwa cha Mbudya

(Mazungumzo ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wenzangu mliosoma hapa, na ninyi vijana mnaovaa leo sare tuliyoivaa sisi, ila yenu ina suruali ndefu na yetu ilikuwa kaptura:

Kamati ya maandalizi iliniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya safari zangu za ubaharia, hasa juu ya mji wa Hong Kong na visiwa vyake, kwa sababu katibu wetu alisikia kwamba nimewahi kufika huko. Nitaizungumzia Hong Kong, lakini naomba mniwie radhi nisikae huko muda mrefu. Ninalo jambo la hapa hapa nyumbani ambalo nataka tuliamue kabla ya chakula, maana najua kuwa baada ya pilau hakuna mkutano. (Kicheko)

Jambo lenyewe ni hili. Mfuko wetu una akiba kidogo. Ndugu aliyenitangulia kusema amependekeza, tena kwa hoja nzuri, kwamba akiba hiyo ijenge lango jipya la shule lenye nembo na taa. Mimi napendekeza akiba hiyo iwapeleke vijana wa kidato cha tatu, kila mwaka, kwa siku mbili, kuutembelea mji huu, bandari yake na visiwa vyake. Na kabla ya kwenda wafundishwe kuogelea. Yote nitakayosema sasa ni ya kuitetea hoja hiyo.

Niliingia Hong Kong mara ya kwanza mwaka 1981, nikiwa baharia wa sitaha. Meli yetu ilifungwa kwenye boya katikati ya bandari, nasi tukashushwa pwani kwa mashua. Watu ni wengi mno, hata mgeni hujiuliza wanalala wapi. Jibu ni kwamba wanalala juu, nyumba juu ya nyumba. Sitawachosha kwa habari za maduka. Nililolishika ni pantoni. Ziko pantoni za rangi ya kijani na nyeupe ziitwazo Star Ferry, zinazovusha watu kati ya Kowloon na kisiwa cha Hong Kong. Kampuni yake iliasisiwa mwaka 1888 na Mparsi mmoja kutoka India, Dorabji Naorojee, na jina hilo la Star likaja mwaka 1898. Migongo ya viti vyake hugeuzwa, ili abiria atazame mbele chombo kikienda na kikirudi. Safari yote ni ya dakika chache, kama yetu ya Kigamboni. Basi, kuna watu wanaotoka Ulaya na Marekani kwa ajili ya kupanda pantoni hiyo! Wamejipanga ukingoni, kamera shingoni, wanatazama mji unavyosogea. Mimi mtoto wa Kigamboni, niliyevuka maji kila asubuhi kuja shule hii huku nimebana madaftari kwapani yasilowe, nikajiuliza: ya kwetu imepungukiwa nini?

La pili nililoliona ni Jumapili ya watu wa huko. Hong Kong ina visiwa zaidi ya 200. Karani, mshonaji, mpishi wa hotelini, mama na watoto wake, wote hupanda boti kwenda Cheung Chau, kisiwa ambacho motokaa za watu binafsi haziruhusiwi, au Lamma, wakala samaki, wakapanda kilima, jioni wakarudi. Siyo watalii hao. Ni wenyeji, katika mji uliosongamana kuliko wetu, wenye haraka kuliko sisi. Wanavijua visiwa vyao kama unavyoijua kona ya mtaa wako.

Nao wana msiba wao. Mwezi Desemba 2006 gati la zamani la Star Ferry, lenye mnara wa saa, lilivunjwa ili bahari ifukiwe na barabara ipite. Vijana walikwenda pale kupinga, polisi wakawaondoa, gati likavunjwa. Nilizisoma habari hizo nikiwa nyumbani Kigamboni. Nikawaza kwamba angalau palikuwa na watu waliolijua gati lile kiasi cha kulipigania. Hapa mjini kwetu nyumba ya miaka 80 huzungushiwa mabati Jumatatu, Ijumaa haipo, na anayepita haulizi ilikuwa nyumba gani.

Mwezi uliopita, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, niliingia darasa moja la kidato cha tatu. Niliuliza ni wangapi wamekwisha kukanyaga Mbudya au Bongoyo. Mikono iliyoinuka ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nikauliza ni wangapi wanaojua kuogelea. Ndugu zangu, ilikuwa mikono ile ile. Hawa ni vijana wanaoamka Kariakoo, Gerezani, Magomeni, wanaoshuka Mwendokasi pale Kivukoni, wanaoisikia honi ya meli wakiwa katika hesabu. Bahari wanaiona kila siku.

Basi naomba twende pamoja hiyo safari, kama nitakavyowapeleka wao ikiwa mtakubali.

Siku ya kwanza tunaanza Feri, sokoni, jua likianza kuchomoza. Soko hili la sasa lilijengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kazi mwaka 2002. Usisimame mlangoni, ingia hadi penye mnada. Pale samaki wamelazwa sakafuni au juu ya meza, dalali anapiga bei kwa sauti ya kuimba, na mama lishe amesimama nyuma ya matajiri akingoja fungu la mwisho. Mwanafunzi wa Biashara ajifunze hapo jinsi bei inavyopanda na kushuka kwa dakika tano. Mwanafunzi wa Biolojia atambue changu, kolekole, nguru, jodari, vibua na taa. Na wote wanywe supu ya pweza, kwa gharama yangu mimi, siyo ya mfuko. (Makofi)

Kisha pantoni. Kivukoni maana yake ni penye kivuko, nacho kivuko ndicho kilichoupa mtaa jina. Ukiisha kupanda usikimbilie kiti. Simama ubavuni. Kushoto kwako unapokwenda Kigamboni ndiko kuliko mlango wa bandari. Tazama ulivyo mwembamba, na ulivyopinda. Umepanuliwa na kuchimbwa zaidi ya mara moja ili meli kubwa zipite, na bado rubani wa bandari huuingia kwa hadhari. Ndani ya mlango huo maji hutulia hata kusi likivuma nje. Hicho ndicho alichokipenda Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1865 na 1866, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Akafariki mwaka 1870, kazi haijesha, na mji ukasinzia. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakauhamishia makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani hao hao walizamisha gudi lao la kuelea, yaani chombo cha kutengenezea meli, pale mlangoni, ili manowari za Waingereza zisipite. Hebu fikirini, vijana wa Historia: chombo kimoja kilitegemewa kuifunga bandari nzima. Ukisoma habari hiyo kitabuni ni sentensi moja ya kukariri. Ukiwa juu ya pantoni, huku meli ya makontena inapita mbele yako imeujaza mlango, hutaisahau.

Sasa geuka nyuma utazame mji. Mbele kabisa mnara wa Azania Front na vigae vyake vyekundu, kisha mnara uliochongoka wa Mtakatifu Yosefu, na nyuma yake majengo marefu ya miaka hii, ya mifuko ya pensheni na ya Mamlaka ya Bandari, yenye ghorofa zaidi ya 30. Zamani zetu minara ile miwili ya kanisa ndiyo tuliyoipimia njia tukitoka kuvua. Leo inabidi uitafute, lakini ipo. Ukifika ng'ambo utakiona chuo kilichofunguliwa na TANU mwaka 1961, kikaitwa Chuo cha Kivukoni ijapokuwa kipo Kigamboni. Tangu 2005 ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Wako watu wa mjini ambao hawajui kwamba Kivukoni hiyo iko upande wa pili wa kivuko. Kwenda kwa miguu hadi Kigamboni kunawezekana tangu 2016, daraja la mita 680 lilipofunguliwa kule Kurasini, nami nalishukuru kila ninapokuwa na mgonjwa usiku. Lakini daraja halikupi sura ya mji.

Turudi upande huu tutembee. Tusipige picha kuelekea Ikulu ya Magogoni. Tuitazame kwa macho tu na kukumbuka kwamba ya Mjerumani ilipigwa mizinga mwaka 1914, hii ikajengwa na Waingereza mwaka 1922. Azania Front ilianza kujengwa 1898, ikakamilika 1902. Mtakatifu Yosefu ilianza mwaka mmoja kabla yake. Hayo mtayasoma wenyewe. Ninapotaka tukae ni nyumba ya kale iliyo jirani, ya enzi za Seyyid Majid, iitwayo Atiman House, ambayo Mapadre Weupe waliinunua mwaka 1922. Waulize watu mia wanaoipita, Atiman ni nani? Alikuwa Adrien Atiman, mtoto wa Afrika ya Magharibi, kutoka pande za mto Niger, aliyetekwa utumwani angali mdogo, akakombolewa na mapadre hao, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, akatibu watu pale hadi alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60, mahali pamoja! Wapo vijana hapa wanaotaka kuwa madaktari. Jina lile limeandikwa katika mtaa wanaoupita kwenda kununua daftari.

Hatua chache mbele, mkabala na boti za Unguja, iko Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe mnamo 1866 na 1867 kuwapokea wageni wa Sultani, lenye mlango wa kuchonga wa Kiunguja. Miaka ya karibuni limekarabatiwa, na ndani mna maonyesho ya majengo ya mji huu. Nendeni. Ni mahali pachache ambapo mtakuta picha ya nyumba ambayo haipo tena.

Tupande sasa hadi Mtaa wa Samora, ambao mimi niliukuta ukiitwa Independence, na baba yangu aliukuta ukiitwa Acacia. Pale katikati yuko askari wa shaba nyeusi, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Aliwekwa mwaka 1927 na Waingereza, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ambaye kazi zake nyingine za namna hiyo ziko Nairobi na Mombasa. Mahali pale kabla yake alisimama mtu mwingine: Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, sanamu iliyong'olewa mwaka 1916 Waingereza walipouteka mji. Nimewasikia wazee wakimwita askari huyu Bismini, ambalo ndilo jina la yule Mjerumani kinywani mwa Mswahili. Yaani sanamu iliondoka, jina likabaki, likamrukia Mwafrika aliyekuja badala yake. Mimi naona huo ni mzaha mkubwa wa historia, na ningependa mwalimu wa Kiswahili auseme darasani.

Kutoka hapo tunaingia Uhindini, mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi na Kisutu. Tazameni juu, msitazame madirishani mwa maduka. Juu ya mlango wa nyumba nyingi za ghorofa moja au mbili pameandikwa mwaka na jina la mwenye nyumba kwa saruji: 1934, 1938, 1951. Roshani zake zimepambwa kwa nakshi, na chini ni duka, juu ni makazi, kama ilivyo Bombay na Mombasa. Hizo ndizo zinazokwisha. Sisemi kila nyumba ya zamani ibaki; watu wanaongezeka na ardhi ya mjini ni ghali, nami si mtu wa kumwambia maskini akae katika nyumba inayovuja ili mimi nipige picha. Lakini jipya nalo si lazima liwe bora. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa huo wa Indira Gandhi lilianguka, likaua watu zaidi ya 30, watoto waliokuwa wakicheza kando wakiwamo. Kati ya kundi la vijana tutakaowapeleka, mmoja au wawili watakuwa wahandisi. Ningependa wasimame pale dakika tano kimya.

Tuvuke Mnazi Mmoja. Uwanja huu wazi Waingereza waliuacha makusudi kati ya Uhindini na mji wa Waafrika, watu wasichanganyike. Waliokuja baadaye waliugeuza uwanja wa mikutano, na mnara wa Mwenge uko pale. Upande wa pili ni Lumumba, na Kariakoo.

Jina la Kariakoo mnalijua: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Walichukuliwa vijijini kwa nguvu, wakabeba risasi na chakula cha askari, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Yule askari wa shaba ana sanamu. Mpagazi ana soko. Sijui ni nani kati yao aliyetukuzwa zaidi, maana jina la soko hili linatajwa mara elfu kila saa na makondakta.

Jengo lenyewe la soko naomba mlitazame kwa heshima. Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake kama mti, hewa inapita kati na kati, na maji ya mvua hukusanywa kupitia nguzo badala ya kumwagikia wauzaji. Chini ya ardhi mna soko jingine. Mimi nimetembea masoko ya bandari nyingi na nathubutu kusema yako machache yaliyofikiriwa vizuri hivyo. Tarehe 10 Julai 2021 liliungua usiku, wafanyabiashara wakapoteza mali zao. Serikali ikalikarabati na kujenga jengo jingine kando yake. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja Kariakoo ilianguka, ikaua watu zaidi ya 20. Wako hapa wazee wawili ambao walihangaika siku zile kuwatafuta ndugu zao, nami sitasema zaidi juu ya hilo.

Nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita na ukumbi katikati na baraza mbele, ambamo wengi wetu tulizaliwa, zimebaki za kuhesabu. Ukiikuta moja Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, omba ruhusa uketi barazani. Siku ya kwanza inakwisha hapo, na miguu itakuwa imekwisha pia.

Siku ya pili ni ya bahari. Tunakwenda Kunduchi. Kabla ya kupanda mashua tunapitia magofu: msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ambamo mafundi walipachika mabakuli ya Kichina. Mengi yamekwisha kuondolewa, lakini matundu yake yanaonekana. Kwa hiyo anayedhani bidhaa za China zilianza kuja Kariakoo juzi, aende akatie kidole katika tundu lile.

Kisha Mbudya. Kisiwa hiki, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, mwaka ule ule wa soko la Kariakoo. Baadaye viliongezwa vile vya kusini, Sinda, Kendwa na Makatumbe, ambavyo mvuvi wa Kigamboni huvijua kwa sababu huvipita usiku. Mbudya ni jiwe la matumbawe lililoinuka, kichaka na mibuyu juu yake, mchanga mweupe upande wa bara. Siku za bamvua maji hukupwa sana yapata saa nne asubuhi, na mwamba hujitokeza na mabwawa yake madogo. Mwalimu wa Biolojia akishindwa kufundisha hapo, basi tena. (Kicheko)

Lakini tusiwafiche vijana. Kwa miaka mingi wavuvi wengine walivua hapa kwa baruti. Nikiwa Kunduchi nimesikia mshindo wake mchana kweupe, na harufu ya senti ilitosha watu kufumba macho. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo na kuvunja matumbawe yaliyochukua miaka kukua. Kuanzia mwaka 2016 msako mkali uliipunguza mno. Kuna na joto: mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kawaida na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakageuka meupe na kufa. Na kuna bahari kula mchanga, ambako hoteli za Kunduchi zinakujua vizuri.

Kisiwa kinaweza kwisha. Nasema hivi kwa sababu nimekiona kikiisha. Mbele ya Pangani kilikuwapo kisiwa cha Maziwe, chenye miti mirefu ya mivinje, na kasa walikuja kutaga pale kuliko mahali pengi pa pwani yetu. Tulipopita na jahazi mwanzo wa miaka ya 1970 tuliiona miti ile kutoka mbali na kushika njia kwayo. Muongo ule na mwanzo wa ule uliofuata ukafagia yote. Wataalamu wanataja kukatwa kwa miti na mawimbi kula ukingo. Leo Maziwe ni fungu la mchanga ambalo hufunikwa maji yajaapo. Baba yangu alilitumia jina lile kama kituo. Wanangu wanalijua kama hadithi.

Nimefika kwenye kuogelea, nami nitasema kwa ufupi kwa kuwa sipendi kulisema. Tarehe 18 Julai 2012 boti MV Skagit iliondoka katika bandari hii tunayoitazama, wakati kusi limechafuka, ikazama karibu na Chumbe kabla ya kufika Unguja. Abiria wengi walikufa. Najua kuogelea peke yake hakumwokoi mtu katika bahari ya namna ile. Lakini mtu anayejua kuogelea hutambua bahari iliyochafuka akiwa bado gatini, huangalia koti la kuokolea liko wapi, na hana haya kushuka chomboni na kungoja kesho. Mtoto wa mji wa bandari asiyejua haya ni kama mtoto wa Kariakoo asiyejua kuvuka Mtaa wa Msimbazi.

Ndugu Mwenyekiti, najua atakuwapo wa kuuliza gharama. Nauli ya pantoni ni ndogo, wote tunaijua. Mashua ya Mbudya hutozwa kwa kichwa, na ukipeleka darasa zima nahodha hupunguza. Ada ya hifadhi kwa Mtanzania haiumi. Kinachogharimu hasa ni mafunzo ya kuogelea, na hapo nimezungumza na mabaharia wastaafu watatu ambao wako tayari kufundisha bila malipo iwapo shule itatafuta mahali salama pa maji matulivu na mwalimu mmoja wa kusimamia. Makoti ya kuokolea 20 tuyanunue sisi. Nimepiga hesabu na kumpa mweka hazina karatasi. Fedha za lango zinatosha safari za miaka minne. Lango lililopo linafungika. Nililijaribu leo asubuhi. (Kicheko na makofi)

Ikiwa hoja itapita, nashauri twende Oktoba, kusi likiwa limelegea na vuli haijashika. Safari ya kwanza wazee nao waje. Tukutane mlangoni pa pantoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila mtu na kofia yake, viatu vya mpira na nauli mkononi, siyo noti ya elfu kumi. Atakayechelewa atatukuta ng'ambo.